Gari Hunywa Kwanza

Niacheni nipumue. Hina imenifika viwikoni, mgongo umekakamaa kama mlango wa zamani, na bibi harusi mwenyewe, badala ya kutulia akauke, ananing'ang'ania nimsimulie habari za injini. Usiku wa hina watu huimba. Huyu anataka majini. Haya, Rihab, nyoosha miguu na usijikune. Na ninyi wasichana, zimeni hiyo redio. Nasimulia mara moja tu, tena kwa sababu nimesikia mmemwandaa dereva aende Bayuda alfajiri, akamlete baba yako, Rihab, aketi kwenye harusi kama baba za wenzio. Ukishasikia, utaamua mwenyewe kama aende.

Mwaka uliozaliwa, baba yako Babikir alikuwa na lori la kukaa. Lilisimama uani hapa kwetu Karima juu ya matofali, halina injini, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Alikuwa ameendesha malori ya watu tangu hajaota ndevu, akivuka jangwa la Bayuda kutoka Omdurman hadi huku mtoni, abiria wamekaa juu ya magunia kama ndege. Sasa alitaka lake. Kila alichokuwa nacho, na bangili za mama yako Niimat juu yake, alikitia kwenye injini moja kuukuu ya dizeli ambayo wakala alimnunulia soko la vyuma bila yeye kuiona. Ikaja imefungwa magunia kama maiti. Wanaume wakaishusha kwa magogo, wakailaza juu ya mbao chini ya banda, karibu na ziri, ule mtungi wetu mkubwa wa udongo wa maji ya kunywa.

"Mama," mkwe wangu Babikir akaniambia, akiipigapiga ubavu, "hii ikifufuka, nitakupeleka Makka."

"Nipeleke chooni kwanza," nikamwambia, "maana umeniziba njia."

Fundi alikuwa Kodi, Mnuba mnene mwenye kucheka hata msibani, aliyezoea kutengeneza pampu za mashamba ya mtoni. Injini kuukuu hukaguliwa kama mbuzi wa mnadani: unamfungua mdomo, unamnusa, unamshika mbavu. Wakafungua bakuli la oili chini, Kodi akachovya kidole, akakisugua, hakukuta unga wa chuma. Wakaizungusha kranki kwa mkono, ikazunguka. Wakang'oa kichwa, Kodi akapitisha ukucha ndani ya silinda, akisikiliza kwa ukucha.

"Ringi zimekwisha," akasema. "Silinda ni nzima. Hii ilichemka siku moja, ikachemka vibaya, lakini haikufa. Ina roho ngumu kama mama mkwe wako."

Halafu akahamia ubavuni, kwenye vile vizibo vya chuma vinavyozuia maji ya kupoza yasimwagike. Kimoja hakikuwa cha chuma. Kilikuwa kijiti cha mgunga, kimeviringishiwa kitambaa cha buluu, kimegongwa tunduni.

"Ona ushenzi huu!" Kodi akacheka, akakishika kwa koleo, akakivuta. Kikatoka na sauti kama ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Akakikamua kile kitambaa bila kufikiri, na maji yakachuruzika mkononi.

Akaacha kucheka. Injini ile ilikuwa imelala juani sokoni, ikavuka jangwa zima ndani ya magunia. Njia zake za maji zilikuwa nyeupe kwa magadi, kavu kama mfupa wa ngamia. Lakini kitambaa kilikuwa kimelowa, na maji yake baridi, na uani kukapanda harufu ninayoijua tangu utoto wangu: harufu ya kiriba, ngozi ya mbuzi iliyopakwa lami, kinapofunguliwa mtu anywe.

Nikamtazama Babikir. Uso ulikuwa wa majivu.

"Kitupe motoni," akasema polepole.

Kodi akakitupa kwenye jiko la kahawa. Kilisema *tssss*, na makaa yote yakazimika, hata yale ambayo hakikuyagusa. Mimi nilikasirika kwa sababu ya kahawa. Hayo ndiyo yaliyonihuzunisha siku ile, kahawa.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, wakati ule ambao hata mbwa hulala na hakuna kinachotembea ila wale wasioonekana, nilikwenda kunywa maji, kata ikagonga udongo. Ziri lilikuwa tupu. Nikamlaumu mbuzi. Mama yako akalijaza. Siku iliyofuata tupu tena, na ndoo ya kuogea tupu, na kopo la kuku tupu. Nikamlaumu jirani, tukatukanana juu ya ukuta mpaka yeye akapanda ngazi kunionyesha kuwa ziri lake limejaa. Na kila mara ile injini pale kivulini ilikuwa ya moto, moto wa gari lililosimama sasa hivi baada ya safari, wakati haina kichwa, haina pistoni, haina chochote ila tumbo wazi.

"Babikir," nikamwambia, "kuna kitu unakijua."

"Ni joto tu, mama."

"Joto tunalijua sisi tuliozaliwa nalo. Wewe unanuka woga."

"Nikishaiwasha itatulia," akasema, na hakuniangalia.

Akaanza kufanya kazi kama mtu anayechimba kaburi mvua inakuja. Akaleta ringi mpya, beringi mpya. Yeye na Kodi wakasaga valvu mchana kutwa, *kriii, kriii*, mpaka meno yakaniuma. Ule mwanya wa kijiti wakaupigilia kizibo cha chuma kipya. Wiki hiyohiyo maziwa ya mama yako yakaanza kupungua.

Nilidhani ni mashaka ya uzazi wa kwanza. Nikamkorogea uji wa uwatu, nikamchinjia njiwa, nikamfunga hirizi. Hakuna. Titi lilikuwa limelegea kama kiriba kilichotundikwa. Tukakukamulia mbuzi, yule mbuzi akakauka kabla kikombe hakijafika nusu. Tukaazima maziwa kwa jirani, tena baada ya matusi yale, ujue nilivyokupenda. Tulipoyaingiza uani yakageuka vumbi ndani ya bakuli. Wewe ulikuwa na mashavu kuliko akili, yakaporomoka. Utosi wako ukabonyea. Ukawa unalia bila machozi, halafu ukaacha kulia, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Siku waliyofunga kichwa cha injini, Kodi akasema waijaze maji waone kama inavuja. Babikir alikuwa anachota ndoo mtoni, Kodi anamimina. Ndoo ikaingia. Ikaingia nyingine. Wakamimina mpaka punda aliyekuwa anabeba maji akagoma, na hapana tone lililovuja chini wala lililofurika juu. Kodi akainama akatega sikio tunduni. Akakaa hivyo kidogo. Alipoinuka, alikuwa mtu mwingine.

"Inakunywa," akanong'ona.

"Usiseme upuuzi, Kodi."

"Inakunywa kama mtu, Babikir. Anakunywa kwa pupa, hapumui." Akaweka spana chini taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. "Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni injini. Hii ina koo."

Akaondoka, viatu akaviacha.

Mchana wa kesho yake nililala barazani, wewe kifuani pangu umelegea kama kitambaa, nikazinduliwa na ukimya, kwa maana hata nzi walikuwa wamenyamaza, na ile harufu ya kiriba ilikuwa nzito mpaka naionja ulimini, nikainua kichwa nikamwona mama yako amepiga magoti chini ya banda, mtandio umemteleza, amelikumbatia lile dude la chuma kwa mikono miwili kama mama anayemtuliza mwanawe, na titi lake ameliweka kwenye tundu la maji, na kutoka ndani ya chuma kile kisicho na mdomo nikasikia *gu, gu, gu*, na katikati ya mimezo ile sauti ndogo ya pumzi, kama ya mtoto mchanga anayenyonya akiogopa atanyang'anywa, na mama yako anamwimbia wimbo wa kulaza mtoto ambao sisi hatuuimbi, wimbo wa Mabedui, na macho yake yako wazi na hayanioni.

Nilimvuta kwa nywele. Msinitazame hivyo, ningemvuta kwa lipi jingine? Ngozi ya kifua chake ilikuwa imeungua kwa duara. Babikir alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote, na hakusogea.

"Nenda kamwite Rabha," nikamwambia. "La sivyo nitaliita soko zima lije likuulize ninachokuuliza."

Mama Rabha, mganga wa ngoma ya zari, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaongea na mapepo ya kila taifa. Yuko mmoja Mwingereza hutaka suruali na biskuti. Yuko Mhabeshi hutaka kahawa na nguo nyekundu. Wote hupatana: ukiwapa wanachotaka, humwacha mgonjwa akapumua. Akaja alasiri na ngoma yake ya udongo na makaa ya ubani, akamkalisha mama yako mbele ya injini, akapiga. Alipiga mapigo ya Mwingereza, mama yako hakutikisika. Akapiga ya Mhabeshi, wala. Akabadilisha, akapiga mdundo wa polepole, mwendo wa ngamia, na mama yako akainua kichwa.

"Karibu, mgeni," Rabha akasema. "Unataka nini? Nguo? Kondoo mwekundu? Pete?"

"Mimi si pepo wa kuvishwa pete," mama yako akasema, kwa lafudhi ya Mabedui, midomo yake imepasuka damu. "Nataka maji yangu."

"Maji yako yako kwa nani?"

"Muulize dereva. Muulize, nani hunywa kwanza?"

Babikir akaruka kama aliyechomwa. "Gari!" akapiga kelele. "Gari hunywa kwanza! Ni sheria ya njia, kila mtu anaijua! Gari likifa tumekufa wote!"

Ni kweli. Jangwani rejeta ikichemka, abiria hutoa viriba vyao, na hakuna anayegomba. Hata watoto wa Karima wanaijua sheria hiyo.

"Hiyo ni nusu," ile sauti ikasema. "Malizia."

Babikir akarudi nyuma hatua moja.

"Malizia, dereva. Mbele ya mama mkwe wako."

Nikaimalizia mimi, maana baba yangu alikuwa dereva: "Gari hunywa kwanza, na aliyelinywesha hukaa mbele."

Maana yake, aliyetoa maji yake hakai tena juu ya magunia. Hukaa ubavuni mwa dereva mpaka mwisho wa safari, hata kama ni mwizi, hata kama ni mwendawazimu, na dereva halali kabla yeye hajafika.

Basi Babikir akasema, akiitazama mikono yake. Alikuwa anakuja Karima kwenye harusi yake mwenyewe, lori la tajiri mmoja, injini yake ndiyo hiihii, limejaa sukari na unga na sanduku la nguo na manukato ya Niimat. Njiani akampakia mwanamke wa kibedui na mtoto wa kunyonya, anakwenda kwao. Kizibo kikaruka, maji yote yakamwagika. Yule mwanamke akapasua mtandio wake wa buluu akampa azibie, akafungua kiriba chake akampa anyweshe gari. Likanywa mpaka tone la mwisho, likawaka. Lakini magurudumu yalikuwa yamezama. Mwanamke akashuka, mtoto mgongoni, akamsaidia kutandika mabati chini ya tairi. Lori likanasuka. Na Babikir, akijua kwamba akisimama penye mchanga laini atazama tena, na kwamba watu wanamngoja na ngoma, hakusimama.

"Nilimwambia narudi," akasema. "Nilipiga kelele dirishani. Nilimwambia narudi kabla jua halijazama."

"Nilikimbia," ile sauti ikasema, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. "Nilikimbia nyuma yako mpaka mtoto akaacha kucheka. Alidhani tunacheza."

"Nilifika hapa, wanawake wakanidaka mlangoni! Nikapakwa hina! Bwana harusi aliyepakwa hina hatoki kwenda porini mpaka siku zake ziishe, majini humpenda! Mama, si ndivyo? Si wewe uliyenifunga mikono?"

Ndivyo. Mimi ndiye niliyempaka. Nakumbuka alivyokuwa akitazama mlango, nikawaambia wanawake, "Mwoneni, anamwogopa bibi harusi." Tukacheka sana. Lakini mikono iliyofungwa haizibi mdomo. Kaka zake walikuwepo, malori yalikuwepo. Angesema neno moja. Hakusema, kwa sababu angeulizwa kwa nini hakusimama.

"Siku za harusi zilipoisha nilipita pale," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulipita," ile sauti ikajibu. "Ulituona. Hukushuka."

Rabha aliweka ngoma chini. Akamwomba yule mgeni ataje anachotaka, chochote, mtoto apone.

"Alisema atarudi. Arudi. Aichukue hii iliyokunywa maji yangu, aiweke pale nilipokaa, watu wangu wachimbe, na yeye aiendeshe itapike maji. Kila apitaye anywe. Yeye awe wa mwisho. Siku itakayonyamaza, maziwa ya nyumba hii yatakauka, ya huyu, na ya bintiye, na ya binti wa bintiye."

"Mpaka lini?" Babikir akauliza.

Mama yako akatabasamu kwa midomo ile iliyopasuka. "Uliniambia kabla jua halijazama. Jua langu mimi halijazama bado."

Kisha akaanguka. Rabha akafunga vitu vyake, hakutaka hata nauli. "Huyu si wa kutolewa," akaniambia mlangoni. "Huyu ni wa kutiiwa."

Babikir aliondoka bila kuaga, injini juu ya lori la kukodi. Watu wa yule mwanamke walimpokea bila kumpiga; mimi ningempiga. Wakachimba kirefu, usiku na mchana. Wakaifunga injini juu ya saruji, wakaiunga kwenye pampu kwa mkanda, pakawa donki, ndivyo tunavyokiita kisima cha injini, na mpaka leo ngamia na mbuzi wa Bayuda nzima hunywa pale. Siku ilipowaka sisi hatukuwa na habari. Mama yako alikuwa ameketi pale ulipoketi, amekupakata, tunangoja ufe. Ghafla nguo yake ikalowa kifuani. Ukageuza shingo ile iliyokuwa kama uzi, ukadaka.

Injini ile haijazimwa tangu siku hiyo. Kodi alikwenda kuikagua, yeye ni mwema kuliko mimi. Alirudi hajacheka. Anasema oili haijabadilishwa, na ukichovya kijiti cha kupimia inatoka safi kama asali, wala haipungui. Anasema Babikir hulala ameiegemea, na ikibadilisha sauti kidogo tu huamka. Hunywa baada ya watu, ngamia, punda na mbwa. Na mikono yake ile hina niliyompaka mimi haijafifia. Nyekundu vilevile, kama ya usiku ule.

Unakumbuka nini? Hukumbuki kitu, ulikuwa ndiyo kwanza unatembea. Mama yako alitaka baba yako akuone. Tukakodi gari, tukaenda. Tukaiona donki kwa mbali, na mtu mmoja akasimama, akaweka mkono juu ya macho. Akaanza kuja. Akatembea, halafu akakimbia, kandambili zikamtoka. Na nyuma yake injini ikakohoa. Mama yako akashika kifua akalia kwa maumivu, na wewe ukaanza kupiga kelele. Injini ikakohoa tena. Yule mtu akasimama pale mchangani katikati, akatutazama, akaitazama. Halafu akageuka akairudia mbio.

Dereva akageuza gari.

Sasa, ukimwita atakuja, ninamjua, hana nguvu ya kukukatalia wewe. Na mwakani, Mungu akipenda, utakuwa unanyonyesha. Eh? Unasemaje? Sema kwa sauti, huyo dereva yuko nje.

Haya. Mwambieni akalale.

Lete mkono wa pili, na uache kulia, machozi yanaharibu hina. Hivyo ndivyo alivyolipa: alipata mtoto, na tangu aondoke alichoona kwa mtoto huyo ni vumbi la gari linalogeuka, yeye amesimama, akijua kuwa akikimbia nyuma yake hakuna atakayesimama.